Nusu ya Pacha

Ko, ko, ko. Soli nene za mbao zilikuwa zikigonga vigae vya choo cha wanawake katika stesheni ya Harajuku, polepole, kama za mtu anayesimama kila mlango kusikiliza. Nyuma ya hatua hizo ulifuata mchakacho wa marinda, tabaka juu ya tabaka, yakisuguana kama majani makavu. Fumika Orimoto, aliyekuwa amejifungia katika chumba cha tatu, hakuhitaji kuona. Petikoti ile aliijua. Jumatano iliyopita aliipiga mvuke mwenyewe, rinda baada ya rinda, mpaka vidole vikababuka, na mwenye petikoti, Chizuru, akamsifu kwamba sasa amekuwa mtu wa nguo.

Alichotakiwa kufanya kilikuwa kitu kidogo. Afungue komeo, atoke, aseme nipo. Alikuwa ameshavaa. Gauni la zambarau lilimkaa vizuri kifuani, shingo imezungushiwa lesi, wigi ya mawimbi imeshikwa kwa pini kumi na mbili. Jicho la kulia lilikuwa limekamilika, na la kushoto lilibakiza kope za bandia za chini tu. Kope hizo zilikuwa zimenasa kwenye ncha ya kidole chake, gundi inakauka.

Lakini kwenye masinki walikuwa wamesimama Rion na Mayuko.

Hao walikuwa wa darasa lake. Huko Kuki, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa treni, walikaa madawati mawili mbele yake, na Rion ndiye aliyekuwa akiamua nani achekwe wiki hii na nani apumzishwe. Jumapili hiyo walikuja kutembea mtaa wa Takeshita kama wasichana wengine wote, wakala chapati nyembamba za krimu na stroberi, na sasa walikuwa wakinawa mikono. Fumika alizitambua sauti zao wakati anapaka gundi, na tangu hapo hakuthubutu hata kumeza mate.

Hatua zikasimama. Kisha Rion akasema, wala hakupunguza sauti:

"Shikamoo, mdoli."

Mayuko alicheka mpaka akakohoa.

"Marahaba," akajibu Chizuru kwa upole, kana kwamba amesalimiwa kwa heshima zote. Akawaomba radhi kwa kuwasumbua, akawauliza kama wamemwona msichana aliyevaa kama yeye, gauni hilihili, ila la zambarau.

"Kama wewe?" Rion akasema. "Kwani mko wangapi?"

"Leo tuko wawili."

Alilitamka neno hilo, wawili, kama mtu anayetaja cheo. Fumika alilisikia, na badala ya kufungua mlango, akanyanyua miguu. Aliikunja juu ya kifuniko cha choo, akalikusanya gauni mapajani, ili viatu vyake visionekane pale chini mlango ulipoachana na sakafu.

"Basi mwenzako atakuwa amerudi dirishani dukani," Mayuko akasema. "Waliona pengo wakamwita."

Wakati huohuo simu ikatetemeka ndani ya mkoba wa Fumika. Aliikandamiza kwenye marinda, akaikalia nusu, lakini ukuta wa choo ni mwembamba. Rion akasema humo mna mtu, akagonga mlango. Fumika akagonga naye mara mbili kuonyesha yumo.

"Uko salama, mwenzangu?" Sauti ya Chizuru sasa ilikuwa karibu sana. "Umekaa muda mrefu humo. Nilipita dakika ishirini zilizopita mlango ulikuwa umefungwa vilevile."

"Tumbo," akasema Fumika. Aliitoa sauti kooni, nzito, ya mtu asiyekuwepo duniani. "Tumbo linaniuma."

Rion na Mayuko wakaguna kwa kuchekea puani. Chizuru hakucheka. Kukasikika mkoba ukifunguliwa, vitu vikipekuliwa, na chini ya mlango ukaingia mkono. Ulivaa glavu nyeupe ya lesi, na kwenye kiganja kilichofunguliwa kulikuwa na kipande cha karatasi chenye vidonge vitatu vyeusi vya tumbo, vile vya harufu kali ambavyo kila mama huviweka kabatini. Mkono ule haukuingia na kutoka. Ulisubiri. Ulikaa pale sakafuni pa choo cha stesheni, lesi yake ikigusa vigae vyenye maji, mpaka Fumika alipoinama kutoka juu ya kifuniko na kuvichukua kwa vidole viwili, kama kibaka.

"Asante," akasema kwa ile sauti ya uongo.

"Ugua pole," akasema Chizuru. Hatua zikaondoka.

"Mdoli ana roho nzuri kuliko wewe, Mayuko," Rion alisema walipokuwa wakitoka, na kicheko chao kikapotelea kwenye kelele za stesheni.

Fumika akabaki amejikunja vilevile. Mtu angemwuliza baadaye ni wakati gani aliona aibu yenyewe, hasa hasa, angesema ni hapo: si wakati wa kunyanyua miguu, si wakati wa kudanganya sauti, bali pale adui yake alipomsifia rafiki yake, na yeye akiwa hajasema lolote.

Na hakuwa mwoga, au ndivyo alivyojijua. Alikuwa na ulimi. Mwaka uliopita alimkabili mwalimu wa hesabu mbele ya darasa kwa alama mbili alizomnyima, mpaka akarudishiwa. Alipoanza habari hizi za kuvaa kama mdoli alijiambia kwamba wengine wanaona haya kwa sababu ni dhaifu, na kwamba yeye, siku yake ikifika, atapita katikati ya watu kama moto kwenye nyasi.

Alianza mwezi wa tatu, alipopeleka koti la shule kwa dobi wa karibu na stesheni ya Kuki. Nyuma ya kaunta, kati ya suti za wafanyakazi wa benki, ilining'inia petikoti kubwa nyeupe, imefura kama wingu lililofungwa kamba. Fumika aliuliza ni ya nani. Mwanamke aliyekuwa akipiga pasi, Chizuru Tabei, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, mikono imejaa alama za kuungua, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni yake. Akatazama nyuma kuona kama mzee mwenye duka yupo, kisha akauliza: unataka kuishika?

Tangu siku hiyo kila Jumatano, mzee akienda kuchukua nguo za hoteli, Fumika aliingia chumba cha nyuma na kufundishwa. Poda kwanza, nyepesi, mpaka uso usiwe na hadithi. Lenzi za kupanua mboni. Mstari wa kahawia unaoshuka kwenye kona ya jicho, ili jicho lionekane lenye huzuni tamu, si lenye hasira. Hapo ndipo Fumika alipopata shida zaidi, maana kila akichora mstari ulipanda juu wenyewe, na Chizuru akamwambia kwamba hata wanja wake ni mgomvi. Rangi ya mashavu hupakwa juu, chini kidogo ya macho, kama ya mtoto aliyetoka kwenye baridi. Mdomo hupakwa katikati tu. Siku ya kwanza Fumika alipojitazama aliona paka aliyeanguka kwenye pipa la unga, na Chizuru alikubaliana naye kabisa, wakacheka mpaka mvuke ukaisha kwenye pasi.

Akafundishwa na adabu zake. Magoti hayaonekani. Kwenye treni hukai, maana marinda yako yatachukua nafasi ya watu watatu. Ukikutana na mwenzako aliyevaa, hata humjui, unainamisha kichwa. Na adabu kubwa kuliko zote ilikuwa ya mapacha: wawili wanaochukua gauni la namna moja kwa rangi mbili, wakatoka siku moja, wakatembea bega kwa bega. Ukishaahidi upacha hutoki nusu. Afadhali usitoke kabisa.

Gauni la mapacha Chizuru alikuwa nalo. Alinunua yote mawili miaka sita iliyopita, la waridi na la zambarau, wakati hana hata mtu mmoja wa kumpa la pili. Kwenye pindo lake kuna sungura waliobeba vikombe vya chai. Sungura wa waridi hutazama kulia, wa zambarau hutazama kushoto, na walio nayo wakisimama pamoja sungura hutazamana, kana kwamba wamekutana mezani. La zambarau lilikaa kabatini miaka yote sita, halijawahi kuvaliwa. Mwezi wa tano Chizuru alilitoa kwenye mfuko wake, akalipima mabegani mwa Fumika, akasema kuna karamu ya chai Jumapili ya mwisho wa mwezi, juu ya mkahawa mmoja kule Harajuku, na kwamba meza zimepangwa kwa mapacha, wawili wawili, na majina yao yameandikwa kwenye kadi. Aliuliza kama Fumika angependa. Aliuliza akitazama pasi.

Fumika alisema angependa. Alisema hata akifa angefufuka aje.

Sasa, chooni, alivua. Wigi, gauni, petikoti, vyote alivisukumia kwenye begi bila kukunja, akafuta uso kwa mafuta, akavaa jinzi. Kisha akaandika ujumbe: Dada, nimeshikwa na homa tangu usiku. Sikuweza hata kuinuka kukupigia. Nisamehe. Akautuma. Vile vidonge vitatu vilikuwa bado kwenye kiganja chake kingine, vimeanza kuloa jasho.

Alipotoka alimwona. Chizuru alikuwa amesimama kando ya nguzo, mbele ya lango la kutokea, upande wa waridi wa kitu ambacho upande wake wa pili haukuwepo. Watu wa kawaida walimtazama na kupita, kama wanavyopita Harajuku kila Jumapili. Waliomwumiza Fumika ni wale waliojua. Wasichana wawili waliovaa nyeusi tupu, wenye miavuli ya lesi, walimwinamishia Chizuru kichwa, wakatazama pindo lake, wakaona sungura wanatazama kulia, na macho yao yakaenda kulia kumtafuta wa pili. Hakuna kitu pale isipokuwa nguzo. Wakarudisha macho haraka, kwa adabu, kama watu waliofungua mlango wa chumba cha mtu bila kubisha.

Chizuru akatoa simu. Alisoma. Alisoma tena. Akairudisha mkobani, akauweka sawa utepe wa kichwani, akanyoosha mgongo, akavuka barabara peke yake kuelekea kwenye karamu.

Fumika akapanda treni ya kurudi. Njia nzima alitunga maneno ya kujitetea, na yalikuwa mazuri, maana maneno hayakuwahi kumpiga chenga. Rion angepeleka habari shule nzima. Mama yake, aliyeamini yuko maktaba, angezipata. Mwaka wa mwisho ungekuwa jehanamu. Kila hoja ilisimama imara kwa miguu yake, na kila ilipomaliza kusimama, chini yake ukaingia mkono wenye glavu nyeupe na kusubiri.

Nyumbani mama yake alikuwa amepika wali kwa kari. Fumika alikula sahani mbili, kwa sababu kutafuna kulizuia kufikiri.

Jua lilikuwa bado halijazama kengele ya mlango ilipolia. Mama alikwenda kufungua. Fumika, aliyekuwa ngazini akipanda chumbani, aligeuka, na pale mlangoni, katika fremu ya mlango wa nyumba yao, alisimama Chizuru na gauni lake lote la waridi. Hakubadilisha. Yeye ambaye siku zote hubadilisha stesheni kabla ya kukanyaga Kuki, alikuwa amepita mitaa yote hii akiwa amevaa, ili awahi. Mkononi alikuwa na kiboksi cha keki na mfuko wenye makopo ya mapichi, yale ya kumlisha mgonjwa wa homa.

Alimwinamia mama sana, akasema ameambiwa Fumika anaumwa, na kwamba hatakaa, anaacha tu haya mapichi.

"Fumika?" mama akashangaa. "Homa gani? Sasa hivi amemaliza sahani mbili za kari."

Chizuru akainua macho, akamwona ngazini. Walitazamana. Haikuwa kwa muda mrefu. Fumika aliona poda iliyochoka kuzunguka macho yale, aliona mstari wa kahawia uliochorwa kwa utulivu na mkono usiotetemeka, na chini yake aliona mtu anaelewa.

"Kwani wewe ni nani, binti?" mama akauliza, macho yakishuka kutoka kwenye utepe mpaka kwenye viatu.

"Mimi ni wa dobi, mama. Pale stesheni." Chizuru akainama tena, chini zaidi. "Nimekosea nyumba. Ni mteja mwingine anayeumwa. Majina yamefanana. Niwie radhi sana."

Akarudi nyuma hatua mbili, akageuka, akaondoka na mapichi yake.

Mama alifunga mlango. Alitikisa kichwa, akasema maskini, mtu mzima vile, sijui mamake anajua. Akauliza kama Fumika anamfahamu. Fumika alikuwa akisikiliza zile soli za mbao zikienda mbali, na alijua kwamba kwa mara ya pili leo amenyamaza, na kwamba safari hii Chizuru ndiye aliyedanganya kwa ajili yake, akajifanya mjinga mbele ya mtu, na akaondoka ameinamisha kichwa ili siri ya Fumika ibaki nzima. Hapo kitu kikampanda kifuani, na hakikuwa huruma. Ilikuwa hasira, na kwa mara ya kwanza maishani ilikuwa imemgeukia mwenyewe.

Alitoka mbio na ndara za ndani ya nyumba, barabarani, mbele ya majirani wanaomwagilia maua.

Alimfikia kwenye kona ya mashine ya vinywaji. Chizuru alisimama lakini hakugeuka mara moja. Alipogeuka alikuwa ametayarisha tabasamu. Alisema hakuna neno, watu hubadilisha mawazo, hasa mara ya kwanza. Hata yeye mara ya kwanza alirudi nyumbani kutoka katikati ya njia. Alisema kwenye karamu aliwaeleza kwamba pacha wake ana homa, wakamwonea huruma, wakaiweka kadi ya Fumika mezani vilevile mbele ya kiti.

Lilikuwa kosa dogo alilokuwa anasamehewa, na msamaha wenyewe ulikuwa umeshafungwa kama zawadi. Kilichobaki kilikuwa kuupokea. Fumika aliuona mlango ule wa kutokea ulivyo mwepesi kupita.

"Nilikuwa mle," akasema.

"Wapi?"

"Chooni. Aliyesema tumbo linauma ni mimi. Nilikuwa nimevaa. Wale wasichana, Rion na Mayuko, ni wa darasa langu. Niliwasikia, nikakusikia, nikanyanyua miguu."

Chizuru aliutazama mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa bado umevaa glavu.

"Unajua nilijiambia nini kwenye treni?" akasema hatimaye. "Nilijiambia siku haikuharibika yote. Kuna mtu mmoja nilimsaidia leo."

Fumika akafungua mdomo. Alitaka kusema hujui Rion alivyo, hujui shule yetu, na maneno yalikuwa tayari yamepanga foleni.

"Huyo Rion namjua," Chizuru akamkata kabla hajaanza. "Nilisimama naye uso kwa uso. Unadhani mimi sikuona aibu? Miaka kumi, Fumika, kila nikipanda treni naona aibu. Naivaa kwanza aibu, halafu juu yake navaa petikoti. Wewe ulidhani mimi nimezaliwa bila?"

Ndivyo alivyodhani. Alidhani Chizuru haoni, kwamba ni mpole kwa sababu hasikii, na kwamba katika wawili wao mwenye moto ni yeye. Ulimi wake wote, ulioshinda walimu, ulilala.

"Nataka gauni langu," Chizuru akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayeomba tiketi ya nguo zilizokwisha kufuliwa. "La zambarau. Nilingoja miaka sita, naweza kungoja tena. Lilete nje, nitasubiri hapa."

Nyuma, mama yake alikuwa ametoka mpaka kwenye geti, ameshika viatu vya Fumika mkononi, anaita kwamba kuna nini, mbona yuko barabarani na ndara. Jirani alikuwa amezima mpira wa maji ili asikie. Fumika aliona wote. Uso ulimwaka hadi masikioni, na aliuacha uwake. Hakupunguza sauti, aliipandisha, ili ifike getini pia.

"Nitalirudisha, dada, lakini si hapa kwenye kona, na si ndani ya begi. Kesho kengele ya mwisho ikilia nitalivaa shuleni, nitoke nalo lango kuu wote wakiwepo. Nitamwambia Rion: uliyemcheka ni pacha wangu, na aliyejificha chooni ni mimi. Halafu nitapita nalo mtaa wa maduka wote, kwa miguu, mpaka dobini, nikukabidhi mkononi mwako mchana kweupe. Na ukisha kulipokea, ukitaka tusijuane tena, tusijuane. Lakini kesho nitakuja. Nakuahidi, na mama yangu anasikia."